Siku Tulipotangaza Jina la Utotoni Newala

Vijana wangu wa kitengo cha mifumo, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye mwenye shida ya kujua saa. Nimeitundika sebuleni. Inakwenda vizuri na siitazami. Zawadi niliyoipenda zaidi ni ombi la Neema, ambaye sasa ndiye mkuu wenu. Alinivuta pembeni, sahani ya pilau mkononi, akaniambia, "Mama Kompyuta, waandikie vijana tulivyokuwa tunafanya kazi. Wao wamekuta mashine zinaongea zenyewe kwa zenyewe, wanadhani zilizaliwa hivyo." Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, mishahara haikutosha, na hayo mnayajua bila mimi.

Nilianza kazi Masasi miaka ile soko la korosho lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakamiminika na malori yao. Kampuni yetu ilikuwa mojawapo. Wakati wa mavuno tulinunua korosho, na wakati wa maua tuligawa salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho isishikwe na ubwiriunga, ugonjwa unaounguza maua. Mimi nilitoka Chiungutwa na cheti cha kupiga chapa, blauzi nyeupe na viatu vya kisigino kirefu. Nilikabidhiwa kwa Mzee Nandonde, fundi wa mizani, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa na sauti ya upole. Nilitegemea anionyeshe meza yangu. Akanionyesha mawe ya mizani.

"Beba hilo la chini, twende uani," aliniambia.

"Shikamoo, mzee. Mimi nimekuja kupiga chapa."

"Marahaba, mwanangu. Utapiga chapa uzito gani, kama hujaubeba?"

Kisigino cha kushoto kilivunjika kabla ya saa nne. Mzee Nandonde alikitazama, akakiokota, akakitia kwenye kisanduku chake cha spana, na miaka mingi baadaye nilikikuta kimo humo humo, kimegeuzwa kabari ya kuwekea mizani sawa. Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha jambo moja ambalo sikulikuta katika kozi yoyote niliyopelekwa baadaye. Ukienda kwa mtu kumtengenezea kitu, usikiguse kwanza. Kaa naye. Msikilize analalamika, mtazame anavyofanya, subiri mpaka akupe chai. "Chai ikija," alisema, "ndiyo wameanza kukuambia kweli. Kabla ya hapo wanakuambia adabu."

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, mkurugenzi aliuliza nani anaelewa mambo ya umeme. Watu wote walimtazama Mzee Nandonde, naye akanitazama mimi. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye fani. Tuliiweka kwenye chumba cha nyuma, tukaifunika kanga, si kwa mapenzi bali kwa vumbi. Nyenzo zetu zilikuwa brashi ya rangi isiyotumika ya kupangusia, betri ya gari, stabilaiza ya kutuliza umeme yenye mlio wa nzi, na printa iliyopiga kelele kiasi kwamba mikutano ilisimama mpaka imalize. Wafanyakazi wenzangu ndipo walipoanza kuniita Mama Kompyuta. Nilikuwa nimeshazaa Hadija, na kwa haki nilipaswa kuwa Mama Hadija, ila kompyuta ilimpita mwanangu kwa kelele.

Kwa miaka mingi kampuni iliendeshwa na programu moja kubwa. Tuliiita Bwana Mkubwa. Yeye ndiye aliyepima korosho, yeye aliyeandika stakabadhi, yeye aliyepanga malori, yeye aliyegawa salfa. Alikaa Masasi, na matawi ya Newala na Tandahimba yalimletea taarifa kwa diski, diski zikisafiri kwenye mfuko wa shati la dereva. Nisimseme vibaya, alitulisha. Lakini Bwana Mkubwa alikuwa ameshonwa mwili mzima kwa uzi mmoja. Ukivuta hapa, kunafumuka kule. Msimu mmoja tulibadilisha namna ya kuandika madaraja ya korosho, jambo dogo, na kesho yake malori ya Tandahimba yakakataa kupangiwa safari. Nilitafuta uhusiano wa daraja la korosho na tairi la lori mpaka nikaanza kuota. Ulikuwepo.

Na soko huria halikusubiri mtu aote. Kila msimu ulikuja na utaratibu mpya. Mara mnanunua shambani, mara lazima mzigo upite ghalani na stakabadhi, mara mfungashe hivi, mara vile. Washindani wetu walikuwa wadogo, wakageuka upesi. Sisi tulimfumua Bwana Mkubwa, tukamshona upya, na tulipomaliza msimu ulikuwa umeisha. Walioumia zaidi ni Newala. Kule juu mtandao ulikatika kwa upepo, taarifa zilichelewa, na wakulima walipata salfa maua yakiwa yameshaungua. Mkulima aliyekosa salfa kwako hakuletei korosho, hata ungekuwa shemeji yake.

Siku moja mkurugenzi alituita. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo alitumia machache zaidi. "Salfa ya Newala ikichelewa tena mwaka huu, tawi lile tunalifunga."

Bwana Mchopa, meneja wa tawi la Newala, alikuwa amekaa pembeni yangu. Alizaliwa Newala, akaoa Newala, akajenga Newala. Wafanyakazi wake wote walikuwa majirani zake. Akaivua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akaikunjakunja mpaka ikawa kama kitambaa cha jikoni. Tulipotoka nje aliniambia, "Mama Kompyuta, nikifunga tawi, nitapita njia gani kwenda msikitini?" Nikacheka, kisha nikaona kwamba yeye hacheki.

Ndipo kampuni ikamleta Emanueli kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana mnene, mchangamfu, mwenye mashavu ya kuvimba na kompyuta ya kubeba aliyoikumbatia kama mtoto mchanga. Nilijiandaa kumchukia. Ilishindikana. Alikula kila alichopewa, aliuliza jina la kila mtu, na alikuwa anajua kazi yake kwelikweli. Siku ya kwanza alisimama ubaoni akachora visanduku na mishale, akasema tusishone tena mtu mmoja mkubwa. Tujenge huduma ndogo ndogo. Kila huduma ijue kazi yake moja, na ikiulizwa ijibu kwa namna tuliyokubaliana. Ikibadilika ndani yake, wengine wasijue wala wasijali.

Ubao ulikuwa mzuri. Hakuna aliyeelewa. Mchopa alikuwa tayari ameanza kuikunja kofia.

Nikawachukua wote, ng'ambo ya barabara, kwa Mama Fadhili aliyetuuzia chai. Nikamwambia Emanueli atazame. Mama Fadhili mwenyewe alipika chai na maharage, basi. Chapati zilitoka kwa jirani yake wa kushoto, samaki kwa dada mmoja wa nyuma ya soko. Ukiagiza chapati, Mama Fadhili anapaza sauti, "Mbili!" na chapati mbili zinapita dirishani. Hajui unga umenunuliwa wapi. Jirani akihama kutoka kuni kwenda mkaa, chai haiungui. Jirani akisafiri, chapati zinatoka kwa mwingine, ili mradi akiambiwa "mbili" alete mbili.

"Hivyo hivyo!" Emanueli alisema, chapati mdomoni. "Hiyo ndiyo michoro yangu yote."

"Si ungesema," alijibu Mchopa, akaivaa kofia yake.

Tukaanza kazi. Huduma ya kwanza tuliiita Mizani, ya pili Ghala, ya tatu Lori, ya nne Salfa. Nne hizo zilikuwa kama majirani wa Mama Fadhili, kila mmoja na jiko lake. Tulifunga dishi jipya juu ya paa la Newala, na Emanueli akatengeneza foleni ya ujumbe. Mtandao ukikatika, ujumbe haupotei, unakaa unasubiri zamu yake kama abiria wa stendi, na njia ikifunguka unaendelea na safari. Mara ya kwanza upepo ulipokata mawasiliano na karani wa Newala akaendelea kupima bila kusimama, Mchopa alinipigia simu kunieleza kwamba hakuna kilichotokea. Alieleza kwa muda mrefu. Sijapata kusikia habari ya kutotokea kwa jambo ikisimuliwa kwa furaha kiasi kile.

Huduma ya tano ndiyo iliyotupa kazi. Tuliiita Mtu. Kazi yake ilikuwa kujibu swali moja tu, ambalo huduma nyingine zote zingeiuliza. Huyu mkulima aliyesimama hapa ni nani? Swali linaonekana dogo. Lakini kwenye mizani mtu huyo aliandikwa kwa jina lake la msikitini. Kwenye salfa, kwa kuwa mkewe ndiye aliyekuja kuchukua, aliandikwa Baba Zainabu. Dereva wa lori, aliyecheza naye utotoni, alimwandika kwa utani. Na katika orodha za zamani kabisa, zile za kuandikisha mashamba, jina lilikuwa jingine tena, kwa sababu wazee wengi waliandikisha mikorosho kwa majina ya wanao wakiwa wadogo.

Tulikaa na majina hayo mpaka macho yakauma. Mwisho tukayaunganisha vizuri, kila mtu na majina yake yote mahali pamoja. Ilibaki kuchagua ni lipi litokee kwenye kioo cha kompyuta. Emanueli alisema lililo la zamani zaidi ndilo la asili, na la asili ndilo la kweli. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni akili kabisa. Mimi nilikuwa nahangaika na dishi, Mchopa alikuwa anahangaika na magunia ya salfa, na hakuna aliyekaa kusubiri chai.

Salfa ilifika Newala kwa wakati, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa vichipukizi vya maua. Uwanja wa tawi ulijaa. Kina mama na kanga mpya, kina baba na baiskeli za kubebea mifuko, vumbi jekundu limetulia kwa sababu Mchopa alimwagia maji tangu asubuhi, na maji ya Newala si kitu cha kumwaga ovyo. Neema, huyu huyu mkuu wenu, alikuwa karani mpya kabisa, binti wa Masasi mjini, sauti kama kengele. Alipewa kipaza sauti. Huduma ya Salfa iliiuliza huduma ya Mtu, Mtu ikajibu, jina likatokea kwenye kioo, na Neema akalisoma.

Jina hilo sitaliandika hapa, na mtaelewa sasa hivi kwa nini. Hakuna aliyesimama. Akalisoma tena, polepole, kwa ufasaha. Kwenye benchi la mbele alikuwapo Mzee Selemani Chilumba, mkulima mkubwa wa upande ule, mzee wa jando anayeheshimiwa na vijiji vyote vya jirani. Aliinuka taratibu, akajipangusa kanzu.

Wasiotoka kwetu wanahitaji kuelezwa. Mvulana akienda jandoni, jina la utotoni analiacha kule, pamoja na utoto wenyewe. Anarudi na jina jingine. Kumwita mtu mzima kwa lile la zamani ni kumwambia kwamba hajawa mwanamume. Wengine wameacha kusemezana na ndugu zao kwa jambo hilo. Na sisi tulikuwa tumelitangaza kwa kipaza sauti, mara mbili, mbele ya wakwe zake.

"Nani aliyekutuma?" Mzee Chilumba alimuuliza Neema.

"Ni kompyuta, mzee," alijibu Neema, machozi yanamlenga.

"Basi nkaiambie hiyo kompyuta, Chilumba ni ntu nzima."

Akachukua baiskeli yake akaondoka bila salfa. Mchopa akakimbia kumzuia, naye hakugeuka. Kwa bahati mbaya Neema alikuwa ameshafikia jina la pili kwa kuogopa kunyamaza, na la pili lilikuwa vile vile. Wanaume walianza kuinuka mmoja baada ya mwingine. Kina mama wakawafuata, ingawa wawili watatu niliwaona wameziba midomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Muda si muda uwanja ulibaki na sisi, magunia ya njano, na vumbi lililokwisha kukauka. Salfa ilikuwa imewahi, tena mapema kuliko miaka yote, na hapakuwa na wa kuichukua.

Emanueli alielezwa na kila mtu kwa mpigo, akasikiliza, akaelewa. Alikaa chini kwenye ngazi. "Nimemtukana mzee wa watu," alisema. "Mama Kompyuta, nimemtukana." Hakujitetea hata kidogo, na hapo ndipo nilipompenda kabisa.

Tulikwenda nyumbani kwa Mzee Chilumba mchana ule ule, Mchopa, Emanueli, Neema na mimi. Tulimkuta barazani. "Shikamoo," tukasema wote. "Marahaba," akajibu, na hakuongeza. Tukaketi mkekani. Mchopa akaomba radhi kwa Kimakonde, kirefu, kwa heshima zote. Mzee akawa anatazama mikorosho yake. Emanueli akaomba radhi kwa Kiswahili, kifupi. Mzee akaendelea kutazama mikorosho. Nikamkumbuka Mzee Nandonde, Mungu amrehemu, nikawakonyeza wenzangu wanyamaze. Tukakaa. Kuku wakapita. Mzee akaanza kulalamika, kwanza juu ya mvua, kisha juu ya wanunuzi, kisha juu ya tawi letu na ucheleweshaji wake wa miaka yote. Tulisikiliza kila neno. Jua lilianza kuinama, mkewe akatoka na birika na muhogo wa kuchemsha.

Chai ilikuwa imekuja.

"Ngoja nkwambie," Mzee Chilumba alimwambia Emanueli. "Wewe ulipokuwa ntoto, kwenu walikuitaje?"

Emanueli akanitazama mimi, akamtazama Mchopa, hakuna aliyemsaidia. "Mashavu," alisema.

Mke wa mzee aligeuka haraka akaingia ndani, tukasikia kicheko kikimponyoka huko huko jikoni. Mzee mwenyewe alikunywa chai yake bila kubadilika uso. "Kesho," akasema, "tangaza la kwako. Mara mbili, kama mlivyotangaza la kwangu. Halafu mniite kwa jina langu. Nami nitakuja, na waliobaki watakuja."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ilipo faida ya kazi yote. Kama ingekuwa enzi za Bwana Mkubwa, kuwabadilishia watu majina kungegusa mizani, kungegusa ghala, kungegusa malori, tungemfumua na kumshona mpaka maua ya mikorosho yadondoke. Safari hii tuliigusa huduma ya Mtu peke yake. Emanueli alirudi tawini, akafungua kompyuta yake mezani kwa Mchopa, tukakaa naye. Tukaamua kwamba mtu awe na majina yake yote, ila yote yatumike kwa kutafutia tu, ndani, kimya kimya. Litakalotokea kwenye kioo ni moja, na hilo halichaguliwi na mashine wala na sisi. Kabla ya mtu kuitwa mara ya kwanza, karani atamuuliza mwenyewe uso kwa uso, "Ungependa tukuiteje?" Swali hilo nililiandika mimi, kwa mkono wangu. Huduma ya Salfa haikujua kama kuna kilichobadilika. Iliendelea kuuliza "huyu ni nani" na kujibiwa, kama Mama Fadhili na chapati zake. Adhana ya magharibi ilitukuta tumekwisha kujaribu na kufunga ofisi.

Kesho yake uwanja ulijaa kuliko jana, na sina hakika kwamba wote walifuata salfa. Habari ya mtu wa Dar es Salaam kujitangaza ilikuwa imeshafika mpaka vijiji vya chini. Emanueli alipanda kwenye jukwaa la mizani, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mashavu," alisema.

"Hatusikii!" walipiga kelele kina mama wa nyuma.

"Mashavu!" alisema kwa nguvu, na mashavu yenyewe yakawa mekundu kama udongo wa pale. Uwanja ulivunjika mbavu. Watu waliegemeana. Mzee mmoja alilazimika kukalishwa chini. Mzee Chilumba alisubiri kimya mpaka kicheko kikapungua, akainuka, akaenda mezani kwa Neema. Neema alisimama kwa adabu, akamuuliza lile swali. Mzee akamjibu kwa sauti ya chini. Neema akaandika, akakaa sawa, akashika kipaza sauti.

"Mzee Selemani Chilumba!"

"Nipo," alisema, na akapita mbele ya watu wote kuchukua salfa yake.

Wengine wakafuata. Kuna aliyetaka kuitwa Hajji, ingawa wote walijua bado anajiandaa kwenda. Kuna mama aliyesema, "Mimi nimechoka kuitwa mama wa fulani, andika jina langu," na Neema akaandika. Wengi zaidi walitaka kuitwa kwa majina ya watoto wao, na wakayatamka kwa kujivuna. Foleni ilikwenda pole kidogo mwanzoni kwa sababu kila mtu alikuwa na la kusema. Magunia yakaisha. Mikorosho ya Newala ilipuliziwa kwa wakati, ikachanua, ikabeba, na msimu wa mavuno malori yetu yalishindwa na mzigo. Mkurugenzi alikuja mwenyewe kutazama. Alisimama uwanjani, akasema, "Mh." Kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba. Mchopa aliendelea kupita njia ile ile kwenda msikitini hadi alipostaafu.

Emanueli alituacha kazi ilipokamilika. Mpaka leo akinitumia salamu za Krismasi, naye anajua mimi ni Mwislamu ila hawezi kujizuia, anaandika chini, "Mashavu wa Newala." Nasi tuliendelea. Utaratibu wa soko ulibadilika tena na tena, kama mnavyojua, na kila mara tulibadilisha jiko moja na kuyaacha mengine yakiwaka. Mlipoingia nyinyi mlikuta majiko mengi kuliko yale tuliyoanza nayo, na majina ya kisasa ambayo ulimi wangu unakwama. Endeleeni nayo. Ila kabla hamjachora visanduku, kaeni mpaka chai ije. Nasema hivyo nikijua kwamba siku hizi mnakunywa soda.

Nimalizie na jambo la wiki iliyopita. Baada ya kustaafu nimehamia kwa Baba Hadija, mume wangu, hapa Newala kwao, tuna mikorosho yetu kiasi. Nikapakia magunia kwenye pikipiki ya bodaboda, nikaenda tawini kupima, kwa mara ya kwanza nikiwa upande wa pili wa meza. Karani alikuwa kijana mgeni, hanijui, nami sikujitambulisha, nilitaka kuona. Akanisalimu shikamoo. Akanipatia kiti. Akavuta kioo kwake, akakunja uso kidogo, kisha akaniuliza uso kwa uso, kama alivyofundishwa:

"Mama, ungependa tukuiteje?"

Nilibaki nimekaa. Swali nililiandika mimi, limeulizwa kwa watu wa uwanda mzima, na maisha yangu yote halijawahi kuulizwa kwangu. Kazini nilikuwa Mama Kompyuta. Kwenye vyeti nina jina la shule. Hapa mtaani mimi ni Mama Hadija. Lakini siku nilipotoka unyagoni Chiungutwa, bibi yangu mzaa mama alinipa jina lake mwenyewe, akaniinamia, akaniambia nilitunze. Nililitunza mno. Tangu mama yangu alipofariki hapakuwa na mtu wa kuniita kwalo, na nilikuwa nimeshazoea.

"Somoe," nikamwambia.

Akaandika. Akabonyeza. Mashine zenu zikaulizana, zikajibizana, na kule nje, juu ya vumbi na magunia na kelele za bodaboda, kipaza sauti kikaita, "Bi Somoe! Mizani inakusubiri!"

Nikainuka, nikajifunga kanga vizuri, nikaitika, "Nipo."